Chapuchapu ya Kobe

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nilizokuletea ni nyingi, ukishindwa kuzibeba zote mgawie shemeji. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unalalamika kuliko mwenyewe. Habari za hapo? Karakana ya vitabu inakwendaje? Bado harufu ya gundi inawapokea wageni kabla yako?

Nina jambo la kujisifu, nivumilie. Ile programu niliyokuwa nikihangaika nayo jioni baada ya kazi sasa iko hewani. Nimeiita Chapuchapu. Ni tovuti tu. Unaingia, unabandika maandishi yoyote uliyoyakuta mtandaoni, habari, makala, hata barua, nayo inakuonyesha neno moja moja katikati ya kioo. Macho yanatulia mahali pamoja, maneno ndiyo yanayopita. Ukurasa uliokuwa ukikuchosha unauona umekwisha kabla chai haijapoa. Na ni programu huria: msimbo wake nimeuweka wazi, siuzi, na yeyote anayeijua kazi anaweza kuuchukua, akaurekebisha, akanirudishia. Tayari watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, wananisahihishia makosa na kunishukuru. Kazini wananilipa, lakini asante sijawahi kuisikia.

Wewe unajua ilikotoka. Unakumbuka Ijumaa jioni baba alivyokuwa akirudi na vitabu vya maktaba vilivyochanika? Anakata uzi wa zamani, kitabu kinakuwa mafungu mafungu ya karatasi mezani, na sisi tuna muda ule tu kabla hajaanza kushona upya. Kitabu kimoja, watoto wawili. Wewe kwa ukubwa wako unachukua mafungu ya mwanzo, mimi naachiwa ya mwisho. Nimekua nikiwajua wahalifu wote bila kujua walifanya nini! Halafu sindano ya baba inakuja, "Leteni fungu linalofuata!", na mimi bado nachezesha midomo kwenye ukurasa wa pili. Unanigonga kisogoni: "Amka, Kobe!" Nadhani nimeunda Chapuchapu ili siku moja niishinde ile sindano.

Sasa jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka makusudi. Mkataba wangu wa kazi huku ugenini unakwisha mwaka huu. Nimechoka, dada. Ukuta wa chumba changu unatetemeka kila jirani akifua nguo kwa mashine, na Jumapili nzima inaweza kupita sijaisikia hata sauti yangu mwenyewe. Nataka kurudi nyumbani, si kutembea, kurudi moja kwa moja. Kazi yangu naweza kuifanya popote penye umeme. Je, kile chumba cha nyuma bado kina nafasi yangu? Niambie ukweli, sitanuna.

Mdogo wako,
Kobe


19 Februari

Kobe wangu,

Marahaba. Salamu zimefika, na shemeji yako amejichotea fungu kubwa kama ilivyo desturi yake. Sisi hatujambo, umri tu ndio unatukumbusha kwamba upo. Huo mgongo ukandwe kwa maji ya moto, usiuachie uzoee kulalamika.

Barua yako shemeji yako alinisomea kwenye simu karakanani, mikono yangu ikiwa ndani ya gundi. Unamjua kwa kusoma. Maisha yake yote ya utunza stoo alisoma hati za mizigo, na mpaka leo kila karatasi anaisoma hivyohivyo: kimeingia nini, kimetoka nini, basi. Lakini habari za baba na vile vitabu nilimlazimisha azirudie, nikacheka mpaka sindano ikanidondoka.

Na kile kitabu cha mabaharia, umekisahau? Ulinirudishia mafungu yako yamegeuka, mimi nikayapokea bila kuyatazama, baba akayashona hivyohivyo. Nahodha akafa na kuzikwa katikati ya kitabu, na kwenye ukurasa wa mwisho yuko mezani anaomba chai ya pili. Baba alipogundua, kitabu kilikwisha rudi maktaba. Sisi tulijificha nyuma ya mlango tukingoja kiboko. Kisha akasema, "Msomaji atafurahi, amefufuka." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba siku ile.

Umeuliza habari za chumba cha nyuma. Bati tulibadilisha baada ya zile mvua, halivuji tena. Lakini ndani kimejaa karatasi mpaka darini, hata paka hapenyi. Kwa hiyo hicho kisikupe mawazo.

Chapuchapu nimeijaribu. Hongera sana, baba angeitembeza mtaa mzima. Ila mbona ina haraka namna ile? Nilipoipunguza spidi ikaniandikia "Amka!" kwa herufi kubwa. Ina adabu gani hiyo? Hivi haiwezi kwenda polepole kidogo?

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi niko salama.

Kuhusu chumba, nimeelewa. Ni kweli, karatasi ndiyo kazi yenu na zinahitaji mahali pakavu. Sikufikiria vizuri kabla ya kuuliza. Sitauliza tena, na wala usijisikie vibaya, kila mtu ana maisha yake.

Chapuchapu haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda polepole, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Lile neno "Amka!" nililiweka kwa utani, hujalitambua? Ni lako. Mtu akishuka chini ya spidi fulani hasomi tena, anasinzia, kama nilivyokuwa nikisinzia mimi. Msimbo uko wazi, anayetaka abadilishe. Na mwenye shida aandike kwenye ukurasa wa maoni kama watu wengine wote.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako


10 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Barua yako safari hii ilikuwa fupi, nikamuuliza shemeji yako, "Ndiyo yote?" Akasema ndiyo, umesema chumba umeelewa, na mwenye shida na Chapuchapu aandike kwenye ukurasa wa maoni. Basi vizuri kama umeelewa.

Kazi ipo, namshukuru Mungu. Shule ya jirani imeniletea kamusi zao zote, zimechakaa utadhani zilikuwa zikipigiwa mpira. Nazishona bila hata kuangalia, vidole vinajua matundu yalipo. Nina safari za kliniki za hapa na pale, mambo ya umri, usihangaike.

Juzi nimepata kopo la nta ya baba, ile ya kupaka uzi. Nimelifungua tu, nikamwona amekaa pale na miwani yake iliyofungwa kwa waya. Nilitamani ungekuwepo unuse. Tuandikie, na usiandike kama mtu anayelipia kila neno.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Habari za huko, na kliniki imesemaje? Shemeji hajambo? Mimi mzima wa mwili. Nilinuna, na niliahidi sitanuna, kwa hiyo nilinuna kimyakimya ili ahadi isivunjike kwa kelele.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo limenipata na sina mwingine wa kumsimulia. Mwezi wa nne kulikuja ombi kwenye ukurasa wa maoni. Wengi huomba spidi zaidi, rangi, muziki, mmoja aliomba kinyago kinachocheza. Huyu hakutaja jina, amejiita Msomaji. Nakunakilia alivyoandika:

"Mtengenezaji, salamu. Pole kwa kazi. Macho yangu yanafunga kuanzia pembeni. Mstari mrefu unanipotea, nikirudi kuutafuta mwanzo wake siuoni. Lakini neno likija katikati nalipata. Tafadhali punguza spidi mpaka mtu kama mimi aweze kuifuata, ukuze herufi, na penye koma isubiri kidogo, na mimi nipumue. Lile neno 'Amka' naomba uliondoe. Sijalala."

Dada, siku ile chakula cha mchana kilinishinda. Nilikaa ofisini nikiangalia magari yanavyoegeshwa kule chini. Neno nililoliweka kujitania mwenyewe, kumbe huko liendako linamwamsha mtu ambaye hajalala. Nililifuta saa ileile. Halafu nikaanza kazi ya spidi, nikakuta siyo ya kubadilisha namba tu. Maneno yakija taratibu sana msomaji anasahau sentensi ilipoanzia. Nikaomba msaada hadharani. Mwalimu mmoja wa mbali akanitengenezea kitufe cha kurudi nyuma sentensi nzima. Binti mmoja mwanafunzi akazishughulikia herufi. Mimi nikakaa na koma. Ilinibidi nisome kwa sauti, peke yangu chumbani, nikitafuta mahali mtu anapopumua, mpaka jirani akagonga ukuta. Miezi imekwenda hapo, lakini juzi imekamilika. Inashuka mpaka mwendo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nimemwandikia Msomaji kwamba iko tayari na kwamba namwomba radhi. Bado hajajibu, naomba Mungu nisiwe nimechelewa.

Jingine ni la kukuarifu tu. Kazini wamenipa mkataba mpya wa miaka mitano, wanataka saini kabla mwezi huu haujaisha. Nitatia. Sioni sababu ya kukataa. Huko nyumbani hakuna nafasi, nawe ulinijibu waziwazi, sikulaumu hata kidogo. Nilikuwa nimejidanganya tu kwamba mtu akiondoka kiti chake kinabaki wazi.

Nimewakumbuka sana.

Mdogo wako,
Kobe


6 Julai

Kobe, kalamu chini! Usitie saini chochote mpaka umalize barua hii.

Marahaba. Sisi wazima. Nimesahau kukusalimia vizuri, utanisamehe, nina haraka ya kukuwahi.

Msomaji ni mimi.

Sasa kaa nikueleze. Ni presha ya macho. Ilianza taratibu, nikidhani ni miwani imechakaa. Kwanza nikawa naangusha vikombe vilivyokaa pembeni. Kisha mistari ikaanza kunikimbia. Kliniki wamenipa dawa ya matone inayolinda kilichobaki, kilichokwenda ndiyo kimekwenda. Kilichobaki ni katikati, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kushona nashona kwa vidole. Kuandika naandika, ile miaka ya kupiga chapa ofisini haikupotea bure, vitufe sina haja ya kuviona. Kusoma ndiko kulikonitoka. Mimi, Kobe! Mimi niliyekuwa nikikugonga kisogo.

Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeanza kuniongelesha kwa ile sauti ya watu wanaotembelea wagonjwa. Shemeji yako akawa ndiye macho yangu ya barua. Ulipotuma Chapuchapu nilifurahi kwa siri, maana neno lilikuja palepale ninapoona. Lakini likapita kama limekopa. Nikapunguza, ikaniambia niamke. Nikakuomba ipunguzwe, ukanijibu niandike kwenye ukurasa wa maoni kama watu wengine wote. Basi nikaandika kama watu wengine wote. Shemeji yako alinionyesha pa kuandikia, nikamfukuza mpaka nimalize. Na nikaona ajabu: mgeni ulimjibu kwa upole ambao sisi wa damu tunausikia kwenye bomba. Sikujitambulisha kwa sababu nilitaka uitengeneze kwa ajili ya yeyote anayepotelewa na mistari, siyo kwa kumhurumia dada yako.

Barua yako ya juzi ndiyo ya kwanza niliyoisoma mwenyewe. Nilimwambia shemeji yako aniandalie, kisha aondoke. Nilikaa kwenye kiti cha baba. "Dada." Ikasubiri. "Yangu." Maneno yalikuja mojamoja kama wageni wanaoingia harusini, kila mmoja ananipa mkono. Penye koma nilipumua. Nikayafikia yale ya Msomaji nikalia, na sikujali, kitufe cha kurudi nyuma kipo, machozi yakipita unarudia. Mwambie yule mwalimu Mungu ambariki.

Halafu nikafika kwenye "huko nyumbani hakuna nafasi". Nikarudi nyuma. Ikaniambia vilevile. Nikarudi tena. "Nawe ulinijibu waziwazi." Nilijibu nini? Lini? Nikamwita shemeji yako anifungulie barua zako zote za mwaka huu, nikazisoma kuanzia ya kwanza, alasiri yote, hata chakula kikaungua.

Nikaikuta ya Februari. "Nataka kurudi nyumbani, si kutembea, kurudi moja kwa moja." Kobe, sikuwahi kuisikia sentensi hiyo! Wallahi sikuisikia. Nikaukuta ukuta unaotetemeka. Nikaikuta Jumapili yako isiyo na sauti. Nikaona "Niambie ukweli, sitanuna", halafu kwenye inayofuata nikaona jinsi ulivyonuna. Shemeji yako nilimuuliza, "Hivi hapa ulinisomea nini?" Akachukua simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma, akasema, "Nilikwambia anauliza habari za chumba cha nyuma. Hakuuliza chumba?" Nikamtazama. Hakuwa na ubaya, maskini. Mzigo ulioingia ulikuwa swali la chumba, na swali la chumba alilifikisha. Hakujua kwamba ndani yake kulikuwa na mtu.

Nami nikakujibu kuhusu bati! Umeuliza kama una kwenu, nikakujibu kuhusu bati na paka. Nikiwaza ulivyoisoma ile barua yangu peke yako, naacha kuandika. Ungenipigia simu hata unitukane.

Basi sikiliza jibu la Februari. Chumba ni chako. Kilikuwa chako kilipokuwa kitupu na ni chako kikiwa kimejaa. Karatasi hazina undugu na sisi, zitatafutiwa pa kukaa. Shemeji yako tangu jana anazibeba kupeleka ukumbini, hajaambiwa na mtu, na kila akipita mbele yangu anakohoa kidogo ili nijue anafanya kazi.

Neno moja nalisisitiza. Usije kuwa macho yangu. Macho umekwisha nipa, tena bure, nikayagawana na watu nisiowajua. Njoo kwa sababu umechoka na huo ukuta. Njoo kwa sababu unataka. Kama hutaki, tia saini yako, nami nitaelewa, lakini usiitie kwa kudhani kwamba nilikufungia mlango.

Nijibu upesi, mwenzio silali.

Dada yako


7 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijatia saini. Leo nimewaambia hapana.

Nakuja. Septemba nitakuwa hapo. Mwambie shemeji aniachie karatasi nyingine nibebe mimi.

Nimeandika kwa kifupi ili usichoke macho.

Mdogo wako,
Kobe


8 Julai

Kobe wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nimefurahi hadi nimemkumbatia shemeji yako, akashtuka akauliza kuna msiba gani.

Lakini barua gani hii uliyoniletea? Nimekaa kitako, nimevuta kiti dirishani, chai nimeiweka pale nisipoweza kuimwaga, nikaiwasha Chapuchapu kwa mwendo wake wa polepole kabisa. Kabla sijaegemea, imekwisha! Nikadhani mashine imeharibika. Nikairudisha mwanzo, ikaniambia yaleyale machache.

Sasa nikwambie, maana huu ugonjwa wa kunionea huruma naona umeanza mapema. Miezi yote hii nimeishi kwa muhtasari. Nimejua kilichoingia na kilichotoka, yaliyo katikati nikanyimwa. Sikuomba spidi ipunguzwe ili watu wanipunguzie na maneno. Nilitaka niyapate yote. Bosi alisemaje ulipomwambia hapana? Ulikuwa umekaa au umesimama? Jirani wa mashine ya kufulia umemuaga? Ulilia? Mimi nililia.

Kaa chini uandike upya, ndefu, na usiruke kitu. Nikichelewa kujibu, ujue sijachoka. Nasoma.

Dada yako